Njia Isiyopita Magari

Mama Blandina alikuwa na msimamo mmoja tu kuhusu baiskeli, na msimamo huo aliutoa kazini. Alikuwa nesi wa wodi ya mifupa katika hospitali moja ya magharibi mwa London, na waendesha baiskeli wa mji ule aliwajua kwa mapaja, nyonga na mitulinga kuliko alivyowajua kwa majina. Mwanawe wa pekee, Valentine, kijana wa miaka kumi na saba, alipomwomba ruhusa ya kuendesha baiskeli barabarani, alimjibu kwa upole wa hakimu anayesoma hukumu ya kunyongwa.

"Siku utakayonionyesha barabara ambayo gari haliingii, baba, mimi mwenyewe nitakusukuma uanze."

Alidhani kesi imekwisha. Alikuwa amesahau kwamba duniani kuna Ufaransa.

Huko Ufaransa, mbali na miji, kuna njia za changarawe ambazo gari haliruhusiwi kuingia. Nyingine zilikuwa reli. Treni zilipokoma kupita, watu waling'oa vyuma, wakamwaga changarawe, wakawaachia wenye baiskeli na wenye miguu yao. Nyingine zinafuata mifereji ya maji, pale pale ambapo zamani farasi walikuwa wakikokota mashua za mizigo. Nyingine zinapita katikati ya mashamba ya ngano na misitu, kilomita baada ya kilomita, na husikii kitu isipokuwa tairi lako likitafuna kokoto. Valentine aliyajua haya kwa sababu klabu moja ya baiskeli ya vijana pale Hounslow ilikuwa ikiandaa safari ya wiki nzima huko, kwa vijana wanane, na yeye alikuwa mmoja wao iwapo mama angekubali.

Klabu ilikutana kila Jumamosi kwenye mbuga ya Hounslow Heath, ambako hatari kubwa kuliko zote ni mbwa wa watu, kwa hiyo Mama Blandina aliihesabu kuwa uwanja na akafumba jicho. Lakini Ufaransa alitaka maelezo. Valentine alimkalisha sebuleni, akamwonyesha picha moja moja. Picha hizo alipewa na Émilienne, mama wa Kifaransa aliyejitolea klabuni na ndiye aliyeichora njia yote, kwa kuwa alizaliwa kandokando ya ile reli iliyong'olewa.

"Hapa?" Mama Blandina aliuliza.

"Hapa ni daraja la zamani la treni. Gari haliwezi kupita."

"Na hapa?"

"Msitu, mama. Kuna geti la mbao. Gari haliingii."

"Huyu ni nani?"

"Ng'ombe."

Mama Blandina alimtazama yule ng'ombe muda mrefu, kama anayemchukua vipimo. "Ng'ombe sijawahi kupokea mgonjwa wake," alisema mwishowe. "Haya. Utakwenda."

Kuanzia siku hiyo Valentine aliishi Ufaransa, mwili wake tu ndio uliobaki Hounslow. Aliijua njia yote kwa kichwa: wapi inaacha mfereji, wapi kuna bomba la maji, wapi changarawe inakuwa nene mpaka ushuke ukokote baiskeli. Bwana Jeff, kiongozi wa klabu, mzee wa Kiingereza mwenye miguu myembamba na imani kubwa na vijana, aliona bidii hiyo akampa cheo. Valentine ndiye angetangulia mbele na kuwaongoza wenzake, na kwa cheo hicho alikabidhiwa GPS ya klabu, kifaa kidogo kinachokaa juu ya usukani, chenye njia nzima ya Ufaransa ndani yake. Valentine alikipokea kwa mikono miwili, kama anapokea komunyo.

Sasa aingie Elinaja, maana bila yeye pasingekuwa na lolote la kusimulia.

Elinaja alikuwa Mpare na Valentine Mchaga, na kila anayetoka Kilimanjaro anajua maana yake: walizaliwa watani. Babu zao waligombana weee, wakachoka, wakaamua kwamba kuanzia hapo watukanane tu, na matusi hayo yawe ndiyo udugu. Wawili hawa walikutana kidato cha kwanza katika shule ya bweni kule Tanzania, kabla wazazi hawajawaleta London kwa nyakati tofauti, na bwenini utani ulikuwa na heshima kuliko sheria za shule. Mtani akikuta kitu chako ovyo, anakikamata. Wewe unakikomboa kwa chakula. Akisharidhika, anakirudisha usiku kimyakimya ndani ya kiatu chako, na asubuhi unaingiza mguu unakutana na sabuni yako au kalamu zako. Kukasirika ni mwiko. Kumshitaki mtani kwa mwalimu ni mwiko mkubwa zaidi. Lakini mambo yakifika kwa mwalimu yenyewe, basi mkamataji anajitokeza bila kuulizwa mara ya pili.

Hilo la mwisho Valentine hakuambiwa, aliliona. Elinaja aliwahi kukamata kiatu chake cha kushoto, na mwalimu wa zamu akampigisha Valentine magoti gwarideni kwa kosa la kuja na mguu mmoja. Elinaja hakungoja. Alitoka mstarini, akajipiga kifua, akasema, "Ni mimi, mwalimu. Nilikuwa nakizuia kisiibe, maana ni kiatu cha Mchaga." Walichapwa wote wawili, bega kwa bega, wakicheka mpaka mwalimu akaongeza.

Walipokutana tena Hounslow, wamerefuka na kuota ndevu, Elinaja alimkumbatia Valentine halafu akajipapasa mifuko yote mbele ya watu kuona kama bado ana simu. Udugu ukaendelea pale ulipoishia.

Tatizo ni kwamba Bwana Jeff alikuwa anasikia.

Elinaja hakuwa mchoyo wa utani. Aliutoa hata kwa Kiingereza, tena kwa uso wa askofu. "Bwana Jeff, ukimkopesha huyu baiskeli, hesabu spoki akirudisha." Jumamosi nyingine: "Bwana Jeff, funga gari. Babu yake alilala kwetu usiku mmoja, tukaamka hatuna mbuzi." Naye Valentine hakukaa kimya: "Bwana Jeff, usimpe chakula huyu. Kwao makande ya Jumatatu yanaliwa mpaka Ijumaa, atapata mshtuko akiona kitu kipya." Mara ya kwanza Bwana Jeff alicheka. Mara ya pili alitabasamu. Baadaye akawa anaangalia pembeni na kurekebisha kofia yake. Siku moja alimvuta Valentine kando.

"Huyu mwenzako anakunyanyasa?"

"Hapana. Ni ndugu yangu."

"Ndugu wa damu?"

"Hapana. Babu zetu waligombana zamani, ndiyo maana tunapendana."

Bwana Jeff aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelewa, na hakuwa ameelewa hata nukta.

Wakafika Jumamosi ya mwisho kabla ya safari. Walizunguka Heath yote, Valentine mbele na kifaa chake, wenzake saba nyuma wakimwamini. Wakapumzika kwenye mabenchi kunywa chai ya chupa. Valentine alichomoa kifaa usukanini, akakitia kwenye begi lake, akaliacha begi juu ya benchi, akaenda kumsaidia mwenzake tairi lililopata pancha. Aliporudi, zipu ya begi ilikuwa wazi, na Elinaja alikuwa amesimama mbali kidogo anatazama ndege zikishuka kuelekea Heathrow, akipiga mluzi. Ulikuwa mluzi wa bwenini, ule wa kumtangazia mtani kwamba mali yake imekamatwa.

Valentine nusura acheke kwa sauti. Mfuko wa nyuma wa kaptula ya Elinaja ulikuwa umevimba. Akaanza kupiga hesabu ya fidia: mandazi ya Mama Blandina, au ndizi za kukaanga? Huyu Mpare angetaka vyote.

"Valentine," Bwana Jeff aliita, "niletee kifaa nitie mabadiliko ya siku ya mwisho."

"Kimechukuliwa," Valentine alisema, na alikuwa anatabasamu. "Kitarudi."

"Kimechukuliwa na nani?"

Hapo ndipo Valentine alipoharibikiwa, na aliharibikiwa kwa kuwa na adabu. Mtani hashitakiwi kwa mwalimu. Aligeuka tu kumtazama Elinaja, kumwachia ukumbi, kwa sababu sasa ilikuwa zamu ya Elinaja kutoka mstarini na kujipiga kifua. Elinaja naye alikwisha kujiandaa. Kidevu kilikuwa juu, mdomo umeshaanza kufunguka.

Lakini Bwana Jeff hakuwa amemaliza. Alisema, kwa sauti ya chini ambayo vijana hawakuwahi kuisikia, kwamba vifaa vya klabu vimetolewa na watu wema baada ya vile vya kwanza kuibiwa mwaka uliopita, na kwamba aliwaapia havitachezewa tena. Yeyote aliyecheza na kifaa hiki haendi Ufaransa. Hatauliza mara mbili.

Mdomo wa Elinaja ukafunga. Macho yake yakashuka kwenye gurudumu la mbele la Valentine, yakabaki pale kana kwamba kweli anahesabu spoki.

Valentine alingoja. Ndege ikapita. Ikapita nyingine. Bado alikuwa anatabasamu, maana hakujua aupeleke wapi uso wake.

"Elinaja," Bwana Jeff alisema, "wewe umekuwa ukinionya juu yake kwa wiki nyingi."

"Nilikuwa natania tu," Elinaja alisema, akiliambia gurudumu.

"Mtu hatanii jambo lile lile kila Jumamosi." Bwana Jeff alimgeukia Valentine, na huzuni yake ilikuwa ya kweli, jambo ambalo lilizidisha ubaya. "Unajua kitarudi. Basi unajua kilipo. Nakupa mpaka Jumatatu jioni."

Jumapili jioni Elinaja alibisha hodi nyumbani kwa kina Valentine. Mama Blandina alikuwa amelala, anajiandaa na zamu ya alfajiri, kwa hiyo walizungumza kwa kunong'ona jikoni kama wezi, na mmoja wao alifanana nao.

"Mchaga, nimekuja kutubu."

"Katubie kwa Jeff."

"Ngoja kwanza. Nikisema sasa, tunaharibikiwa wote."

"Wote nani? Ukisema, mimi narudi. Unayetoka ni wewe."

Elinaja alichezea kifuniko cha sufuria. "Baba amekwisha kualika watu."

"Watu gani?"

"Maombi ya safari. Ijumaa. Amealika jumuiya nzima, amempigia hadi mchungaji. Amewaambia mwanangu anakwenda Ulaya."

"Hapa ni wapi?"

"Mwambie wewe. Anasema hapa ni Hounslow." Elinaja alijaribu kucheka, akaona hana mwenzake. "Vale, unamjua baba. Nitamwambia nini mbele ya watu wote wale?"

"Utamwambia ulichosema gwarideni."

"Pale tulikuwa tunachapwa tu," Elinaja alisema. "Hapa kuna Ufaransa."

Valentine alimfungulia mlango wa jikoni, yeye akabaki ndani. Alisikia Elinaja akivaa viatu vyake pale kwenye kibaraza cha ndani, akichukua muda mrefu kidogo kuliko mtu wa kawaida, na alidhani anakusanya ujasiri. Usiku alilala akiamini hivyo. Kesho Elinaja angekwenda kwa Bwana Jeff. Angekwenda tu. Mtu habadiliki kiasi hicho.

Elinaja hakuwa anakusanya ujasiri. Alikuwa anarudisha mali kwa desturi ya bwenini, kifaa ndani ya kiatu, kiatu cha kushoto, kwa kumbukumbu ya zamani. Labda aliona anafanya jambo la heshima. Na aliyekigundua alfajiri ile ni Mama Blandina, akisogeza viatu vya mwanawe ili apate kufungua mlango aende kazini. Simu kutoka kwa Bwana Jeff alikwisha kuipokea tangu Jumamosi, na alikuwa amemjibu kwa ukali kwamba mwanawe haibi. Sasa alisimama kizani na kitu hicho mkononi, kidogo kama kiberiti.

Hakumwamsha Valentine. Alikwenda kazini, akageuza vifundo vya watu, akafunga bandeji, na zamu ilipokwisha alipanda basi moja kwa moja mpaka kwa Bwana Jeff, bado na sare yake, akamkabidhi kifaa kwa mikono miwili na kumwomba radhi. Alisema ni ujana. Alisema malezi ya mzazi mmoja yana upungufu wake. Alisema hayo yote mtu ambaye maishani mwake hakuwahi kuomba radhi hata kwa daktari mkuu.

Aliporudi alimkuta Valentine amekaa mezani, simu mbele yake, anangoja taarifa njema.

"Mimi nilikuwa nachunga magari," Mama Blandina alisema. Alivua viatu vya kazi, akaviweka pembeni, akavitazama. "Nilikuuliza mpaka habari za ng'ombe. Kumbe kifaa cha watu kiko ndani ya kiatu chako."

Ndipo Valentine akamweleza: mluzi, mfuko uliovimba, jikoni, kiatu. Mama Blandina alisikiliza akiwa amesimama. Alikuwa Mchaga wa Rombo, hakuhitaji kutafsiriwa kitu. Kufika habari ya kiatu alikaa chini.

"Kwa nini hukunieleza Jumamosi?"

"Nilijua atasema mwenyewe."

"Na mimi nimeshaomba radhi," alisema. "Nimeshakuombea radhi, Valentine. Nilishika mikono ya yule mzungu."

"Tumwambie ukweli."

"Ukweli upi? Kwamba mama alileta kitu cha wizi, akaungama, halafu jioni akakumbuka kuwa hakikuwa cha wizi?"

Valentine alikwenda peke yake hata hivyo, Jumanne, kwa miguu, mpaka kwenye kibanda cha klabu. Bwana Jeff alimkaribisha, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akajaza chai. Valentine alieleza habari za watani, za babu, za kukamata na kukomboa, na kadiri alivyoeleza kwa ufasaha ndivyo alivyojisikia akisema uongo. Bwana Jeff alimwekea mkono begani.

"Mama yako ni mwanamke jasiri," alisema. "Alikuwa mkweli sana. Jitahidi kufuata mfano wake."

Nafasi ya Valentine akapewa kijana aliyekuwa wa akiba, ambaye hakujua hata mfereji uko upande gani wa reli.

Ijumaa jioni jumuiya ikakusanyika kwa Mzee Samson, baba yake Elinaja. Mzee Samson alikuwa mtu wa kufanya sherehe. Mtoto aking'oa jino, kuna sala na pilau. Mama Blandina hakutaka kwenda, lakini kutokwenda kungeulizwa, na yeye alikwisha kuwaambia watu kwamba Valentine amejitoa safarini kwa sababu ya mitihani. Walivaa vizuri, wakaenda. Mlangoni viatu vilikuwa vimejaa kama mnadani. Ndani watu walibanana kwenye makochi na mikono ya makochi, sahani magotini, na kila baada ya muda ndege ya Heathrow ilipita chini chini mchungaji akalazimika kuiachia nafasi kabla ya kuendelea na Bwana.

Elinaja alikuwa amekaa katikati, amevaa shati jipya, na alipomwona Valentine alisimama nusu, akakaa tena.

Sala ikaisha. Mzee Samson akapiga makofi. "Sasa! Mwanangu hawezi kuondoka hivi hivi kwa heshima, atafikiri sisi ni wazungu. Nani wa kumsindikiza na matusi? Mchaga yuko wapi? Valentine! Simama mtukane mwenzako!"

Watu wakaanza kucheka hata kabla hajasimama, maana Valentine alikuwa na sifa. Kipaimara kilichopita alimtukana Elinaja kwa robo saa bila kurudia neno.

Valentine alisimama. Hakuwa amepanga kitu. Aliangalia nyuso zile zote zimefunguka kumngoja, akamwangalia Elinaja, ambaye shingo yake ilikuwa imeingia ndani ya kola mpya, na akaona kwamba hana sababu ya kupanga. Ukweli ulikuwepo pale pale, ulikuwa tayari.

"Huyu mnayemwombea," alisema, "alichukua kifaa cha klabu kwenye begi langu. Mzungu alipouliza, akaangalia tairi. Mimi nikafukuzwa safari. Yeye anakwenda."

Chumba kilipasuka kwa kicheko. Mwanamke mmoja alimwaga juisi. Mzee Samson alijipiga paja. "Mpare kamwibia Mchaga! Jamani, dunia imegeuka!"

"Akaja nyumbani akakificha kwenye kiatu changu. Mama yangu akakiona, akaenda kuomba radhi kwa wizi ambao sikuufanya."

"Kwenye kiatu!" Mzee Samson alikuwa anafuta machozi. "Huyu mtoto! Huyu ndiye mtani! Anayatoa wapi haya?"

Mchungaji mwenyewe alikuwa anatikisika mabega. Pembeni ya mlango Mama Blandina alikuwa ameshika sahani yake kwa mikono miwili, na yeye peke yake hakucheka, lakini hakuna aliyemwangalia. Watu walikuwa wanamwangalia Elinaja, kuona tusi limempata wapi. Na Elinaja, Mungu amsamehe, alikuwa anacheka pia. Alicheka kama mtu aliyeponea chupuchupu. Ukweli ulikuwa umesemwa wote, mbele ya baba na mchungaji, neno kwa neno, na ulikuwa umepita juu yake kama ndege.

Valentine aliwangoja wanyamaze. Aliona kwamba angeweza kuendelea mpaka asubuhi, akataja siku na mahali na rangi ya kaptula, na wangezidi kumshangilia. Mdomo wa mtani hauna mahali pa kuwekea ukweli. Kwa hiyo akauvua utani, pale pale, kama mtu anayevua koti.

"Ndugu Elinaja," alisema.

Wachache walicheka. Walijua mwanzo wa namna hii: uso mzito, maneno ya kanisani, halafu rungu.

"Ndugu Elinaja, nakutakia safari njema. Mungu akutangulie na akurudishe salama kwa wazazi wako. Njia ni nzuri. Baada ya daraja la pili changarawe ni nene, tafadhali uwe mwangalifu."

Wakangoja. Mtu mmoja alizuia kicheko puani, akikitunza kwa ajili ya rungu.

"Asanteni kwa kunisikiliza," Valentine alisema, akakaa.

Rungu halikuja. Kicheko cha Mzee Samson kilitangulia peke yake, ha, kikaangalia nyuma kama kuna anayekifuata, kikasimama. "Basi?" aliuliza. "Mbona... Umemaliza?"

"Nimemaliza, mzee. Shikamoo, na asante kwa chakula."

Watu wakageukia pilau. Ila Elinaja hakugeuka. Uso wake ulikuwa umekauka, na mara hii hakuna gurudumu la kutazama.

Alimkuta Valentine mlangoni, katikati ya viatu.

"We Mchaga."

Valentine alikuwa anatafuta viatu vyake.

"Vale. Nitukane basi. Hata kidogo. Niite mwizi, niite mbwa." Sauti ilikuwa ya chini, inaomba. "Usiniite ndugu namna ile mbele ya watu."

"Samahani kama nimekukwaza," Valentine alisema. "Wasalimie wote klabuni."

"Nitakuletea picha za njia yote."

"Nitashukuru. Usijisumbue lakini."

Akavipata viatu. Kabla ya kuvaa, alitia mkono ndani ya kile cha kushoto, kwa mazoea tu, akapapasa mpaka kwenye vidole. Hakukuwa na kitu. Akavaa.

Nje jua la kiangazi lilikuwa bado halijazama, na barabara ilikuwa imejaa magari ya watu wanaotoka kazini uwanja wa ndege. Walitembea sambamba, mama na mwana. Walipofika pale ambapo njia ya miguu inakuwa nyembamba, Mama Blandina alimshika Valentine mkono, kijana mrefu kuliko yeye, akamhamishia upande wa ndani, yeye akapita upande wa magari.

Valentine hakubisha. Alimwachia.